Wiki Nne Katika Nyumba ya Vyura

Katika begi langu, chini ya koti la mtumba na pakiti mbili za majani ya chai ya zawadi, kulikuwa na daftari la kurasa mia. Nusu yake imejaa mwandiko wangu: tarehe, idadi ya vyura, waliokula, waliokufa. Ukurasa wa mwisho niliouandika una tarehe, na mbele ya tarehe neno moja tu: "Wote."

Mimi ni mtunza wanyama wa maabara katika chuo kimoja mjini Morogoro. Nilianza na kuku na sungura, baadaye nikakabidhiwa vyura 43 wa makucha, wale wanaoishi majini maisha yao yote, waliovuliwa kwenye mabwawa ya jirani kwa ajili ya masomo ya wanafunzi. Niliwazoea. Halafu asubuhi moja nikamkuta mmoja anaelea, mapaja yake kwa ndani yamewiva kwa wekundu kama ya mtoto aliyechapwa fimbo. Kesho yake watatu. Nilifanya anachofanya kila mtu aliyekulia kwenye kuku: nilikimbilia duka la dawa za mifugo, nikanunua OTC ya unga, nikaikoroga katika mabeseni yote. Siku ya tisa nikaandika neno lile.

Mkuu wangu wa kazi hakunigombeza. Alisema tu, "Hatuleti wengine mpaka tujue hawa walikufaje." Mwaka ukapita. Ndipo ikapatikana nafasi: wiki nne katika nyumba ya vyura ya chuo kikuu kimoja kusini mwa Uingereza, kuanzia Novemba 2024. Sikuwa nimewahi kupanda ndege.

Hata treni ya umeme iliyonipeleka Dar es Salaam ilikuwa mpya kwangu; ilikuwa imeanza kubeba abiria mwaka huohuo, na nilishuka chai yangu ya chupa bado ina moto. Ndege ilinishangaza kwa jambo nisilolitegemea: huoni kama unakwenda. Ukipanda basi la Iringa unajua umbali kwa kona, kwa mizani, kwa wauza vitunguu madirishani. Kule juu umekaa kama uko sebuleni kwa mtu, unaletewa wali, unasinzia, ukifumbua macho uko Doha, usiku wa manane, na watu wamejaa kama Kariakoo mkesha wa Idi. Nililala tena, nikaamkia London.

Baridi nilidhani naijua, kwa kuwa nimelala Mgeta mwezi wa saba. Lakini baridi ya Mgeta inakaa nje na wewe unakaa jikoni. Hii ya Uingereza ilinifuata ndani ya mikono ya koti. Na jua! Siku ya kwanza nilitoka kwenye basi saa kumi kasoro, nikatafuta mahali pa kuswali Alasiri, na kabla sijaupata upande wa kibla jua lilikuwa limeanza kuzama. Ilinibidi nijifunze siku upya, kwa sababu saa zangu zote zilikuwa mwilini na mwili ulikuwa bado uko Morogoro.

Asubuhi ya Jumatatu nilikabidhiwa kwa mzee mmoja mwembamba, mwenye miaka zaidi ya thelathini katika kazi ya kutunza vyura. Aliniomba nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wanavyomwita wote, hata wanafunzi wa miaka kumi na tisa. Nilijaribu. Ulimi ulikataa. Mtu wa umri wa baba yangu nimwite jina kavukavu? Nikamwambia kwetu angeitwa Mzee, akauliza maana yake, akafikiri kidogo, akasema ni sawa. Tangu siku hiyo akawa Mzee.

Mlangoni mwa nyumba ya vyura kuna benchi fupi linalokata chumba katikati. Unakaa, unavua viatu upande huu, unapitisha miguu juu, unavaa viatu vya ndani upande ule. Kiatu cha nje hakigusi sakafu ya ndani hata kwa bahati mbaya. Hilo halikunipa taabu. Mtoto aliyesoma madrasa analijua. Kilichonishangaza ni kilichofuata. Mzee aliniangalia mikono, akanusa, akauliza nimejipaka nini. Mafuta ya nazi, nikasema, kama kila siku. Akanipeleka kwenye sinki ninawe mpaka viwikoni. Chura hanywi kwa mdomo, akanieleza, anakunywa kwa ngozi, na kilicho mkononi mwako kinaingia mwilini mwake. Hata glavu tulizisuuza kwa maji ya vyura kabla ya kugusa chochote.

Ndani kulikuwa na joto la kupendeza na mwanga hafifu, na sauti moja tu, ya maji yanayotiririka. Mamia ya vyura na hakuna hata mmoja anayelia! Nimekua nikisikia kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hawa hata kelele zenyewe hawana. Mzee aliniambia wanaongea, ila chini ya maji. Nikaegemeza sikio kwenye ukuta wa tangi na kweli nikasikia, tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha mezani.

Wamebanwa bapa kama andazi lililokaliwa. Macho yako juu ya kichwa, yanatazama dari. Hawana ulimi, kwa hiyo chakula wanakisukumia mdomoni kwa mikono miwili, kama mtoto mbele ya sinia la ubwabwa. Miguu ya nyuma ina vidole vitatu vyenye kucha nyeusi, na ngozi inateleza kama bamia iliyochemka. Niliwatambua mara moja. Vyura wangu walikuwa Xenopus muelleri, wa kwetu. Hawa ni Xenopus laevis, binamu zao wa kusini mwa Afrika. Miaka ya 1930 iligundulika Afrika Kusini kwamba ukimchoma jike sindano ya mkojo wa mwanamke mjamzito, anataga mayai ndani ya saa chache, na kwa miongo kadhaa hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mimba hospitalini. Vyura wakasafirishwa dunia nzima. Waliposhindwa na vipimo vipya, wanasayansi wakabaki nao. John Gurdon aliwatumia katika kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Nilisimama pale na koti langu la mtumba, nimesafiri usiku kucha, na wenyeji walionipokea ni Waafrika.

Siku tatu za kwanza sikumshika chura hata mmoja. Tulishika maji.

Kabati moja la chuma lina matangi ya plastiki yamepangwa safu kwa safu. Maji yanashuka kutoka tangi hadi bomba, yanapita kwenye chujio, yanapita chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, yanapandishwa tena juu. Kila asubuhi Mzee anachota kidogo kwenye kichupa, anadondoshea dawa, anasubiri rangi. Anatafuta amonia, sumu inayotoka kwenye mkojo na kinyesi cha chura mwenyewe. Ndani ya chujio wanaishi bakteria wema wanaoila amonia hiyo na kuigeuza hatua kwa hatua kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Ukiwaua hao, maji yanabaki safi machoni na yanaua.

Maji ya bomba nayo hayaingii hivihivi, kwa sababu klorini inayomlinda mtu inamchoma chura. Nilisema kwa kujiamini kwamba mimi huacha ndoo wazi usiku mzima, klorini inaruka. Mzee akakubali, halafu akauliza kama mamlaka ya maji ya kwetu inaweka klorini peke yake au iliyochanganywa na amonia, maana ile ya pili haitoki kwa kulaza ndoo wazi, inataka chujio la mkaa. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Nikaandika swali hilo kwenye daftari, ukurasa mpya, ule unaofuata baada ya "Wote."

Siku ya tatu alifungua kiungo cha bomba la zamani akaniambia nipitishe kidole kwa ndani. Nilikutana na ute, ule wa mtungi wa maji usiosuguliwa mwezi mzima. "Hapa ndipo anapoishi," akasema. Alimaanisha Aeromonas hydrophila, bakteria ambaye watu wa vyura wanamhusisha zaidi na maradhi ya miguu myekundu, kama yale ya vyura wangu, tangu yalipoandikwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1905. Yumo kwenye mito, kwenye mabwawa, kwenye utando wa mabomba, kwenye utumbo wa chura mzima mwenye afya.

Hapo ndipo fikra zangu zilipopata mshtuko. Mimi najua kideri cha kuku. Kideri kinaletwa: na kuku wa mnadani, na gunia la mchuuzi, na viatu vya jirani. Ukimpata aliyekileta umeupata ugonjwa. Mwaka mzima nilikuwa namtafuta aliyewaletea vyura wangu ugonjwa, na nilimshuku mwanafunzi mmoja aliyekuja na matope ya shambani. Sasa naambiwa kwamba bakteria yule ni mwenyeji. Yupo siku zote. Swali ni nini kilichomfungulia mlango wa mwili.

Na mlango wenyewe ni ngozi. Mwaka 1987 mtafiti Michael Zasloff alistaajabu kwamba vyura hawahawa, waliopasuliwa na kurudishwa kwenye maji machafu, vidonda vyao vilipona bila usaha. Akakuta ngozini mwao chembe zinazoua bakteria, akaziita kwa neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. Ule utelezi wa bamia ndio umebeba ngao. Ukimshika chura kwa mikono mikavu, ukimkwangua kwa wavu mgumu, ukimsongamanisha na wenzake wenye kucha, ukimtia kwenye maji yaliyojaa mkojo wake, unamvua ngao na adui amelala naye chumba kimoja.

Kazi ya kila siku ilikuwa na mpangilio ambao haukuvunjwa. Kwanza viluwiluwi na vyura wachanga, halafu wakubwa wenye afya, halafu waliofika karibuni ambao wako karantini chumba cha pembeni kwa wiki kadhaa, na mwisho kabisa wagonjwa, kama wapo. Kila kabati lina wavu wake wenye rangi yake. Ukishaingia karantini hurudi nyuma siku hiyo. Nilimwambia Mzee kwamba ni kama udhu, kuna kinachotangulia na kinachofuata, na yeye akataka nimwonyeshe udhu ulivyo. Nilimwonyesha pale sinkini, hatua kwa hatua, naye akatazama kwa umakini uleule anaotazamia vichupa vyake. Siku mbili baadaye nilitoka karantini nikarudi chumba kikubwa kuchukua kalamu niliyosahau. Hakupandisha sauti. Alinifungulia mlango wa nje akasema tutaonana kesho.

Jumapili moja alinikaribisha kwake. Chai yao wanatia maziwa ya baridi kutoka kwenye friji, juu ya chai iliyokwisha kuiva. Kwetu maziwa yanachemka na chai mpaka yapande sufuriani, lakini niliinywa na niliipenda. Mezani akaniuliza kuhusu Kihansi. Nikaona haya, kwa sababu korongo hilo liko mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro na mimi sijalikanyaga. Yeye alizijua habari zote. Vyura wadogo wa manjano, jike mkubwa hafiki sentimita tatu, wanazaa watoto badala ya kutaga, na walikuwa wakiishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499 wakapelekwa Marekani, wakagawanywa kwenye bustani kadhaa za wanyama. Miaka minne baadaye walikuwa hawafiki sabini, kabla ya bustani za Bronx na Toledo kujua namna ya kuwazalisha. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini; mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena korongoni.

"Fikiri," akasema Mzee, "ukoo mzima wa kiumbe uko ndani ya vyumba vichache, na wewe ndiye mwenye zamu ya usiku." Nilikunywa chai yangu nikawaza mabeseni yangu.

Jumatano ya wiki ya pili kabati moja lilihitaji kusafishwa, tukahamishia vyura wake 30 kwenye kabati la nne, ambalo tayari lilikuwa na 66. Mimi ndiye niliyewabeba. Jumanne iliyofuata, wakati wa kulisha, chura mmoja wa kabati la nne hakuja. Wenzake walikuwa wanasukumana juu ya punje za chakula. Yeye amekaa pembeni, kichwa chini. Mzee alimkinga kwa mkono uliolowana, akamgeuza polepole.

Niliwaona tena wale wangu wa Morogoro. Vidoa vya damu chini ya ngozi, kama vya upele wa joto, vimeanzia kwenye kinena vikashuka mapajani, na tumbo limevimba kidogo. Nilihisi moto usoni. Maneno yaliyonitoka yalikuwa: "Dawa iko wapi?"

"Dawa ya nini?" akauliza Mzee.

Nilidhani hakunisikia. Lakini lilikuwa swali la kweli, na tulikaa na swali hilo siku tatu. Miguu myekundu ni dalili, hata chura mwenye ukungu wa ngozi au kirusi anaweza kuonekana hivyohivyo, na bakteria wa aina nyingi wanaweza kuileta. Mzee aliweka kadi nyekundu kwenye kabati: hakuna chura anayeingia, hakuna anayetoka, ndoo na wavu vyake havivuki mstari uliobandikwa sakafuni. Wagonjwa wanne tuliowakuta kufikia mchana walitengwa, kila mmoja na tangi lake. Mmoja alikufa jioni. Niliuliza kama tumgandishe, nikaambiwa hapana, friji ya kawaida tu, kwa sababu barafu inapasua nyama na daktari hataona kitu. Nyumbani nilikuwa nawafukia.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi, mama wa makamo, mchangamfu. Alichukua damu kutoka moyoni mwa yule aliyekufa, hakugusa ngozi, kwa kuwa ngozi ya chura ina bakteria wa kila namna na itakudanganya. Alipaka nyama ya ini kwenye kioo akaitia rangi, na nilipoziona zile chupa nilizitambua. Ni rangi wanayotumia hospitali zetu kutafuta kifua kikuu kwenye makohozi! Akanieleza kwamba jamaa za bakteria wa kifua kikuu huwashika vyura, wengine wanaweza kumwingia mtu kupitia mchubuko wa mkono, na kuna mmoja anayeitwa Mycobacterium liflandii ambaye ni ndugu wa karibu wa yule anayeleta kidonda cha Buruli. Buruli ya Uganda. Nilikuwa nimekwenda mwisho wa dunia kusikia habari za jirani. Angekuwa huyo, akasema, hakuna tiba ya kutegemewa, vyura wote wa kabati wangelazimika kuuawa. Alipoinua macho kutoka kwenye darubini na kutikisa kichwa, Mzee alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanyamaza kwa muda.

Wakati tunasubiri majibu mengine tulisoma daftari la kabati. Ndipo tukaona kwamba usiku wa kuamkia Jumamosi umeme wa kabati lile ulijikata, pampu ikasimama kwa saa saba, na king'ora hakikulia. Umeme hukatika hata Uingereza! Vyura 96 mahali pa 66, maji yamesimama, amonia imepanda. Jumamosi aliyekuwa zamu aliwasha pampu akaandika mstari mmoja akaenda zake. Ngao zilivuliwa siku hiyo. Miguu myekundu tuliyoiona Jumanne ilikuwa risiti tu.

Usiku huo chumbani kwangu nilitoa daftari langu begini na kulisoma kama la mtu mwingine. Siku tano kabla ya chura wa kwanza kufa, kwa mkono wangu: "Ukarabati wa sakafu. Vyura wa mabeseni manane wamewekwa katika manne kwa muda." Na siku ya nne ya maradhi, siku mbili baada ya OTC: "Maji yananuka kama choo." Nilikuwa nimeandika yote mawili. Nililisoma mpaka saa nane usiku.

Ijumaa daktari alileta visahani vya kioo. Bakteria walikuwa wameota juu ya jeli iliyomo kama ukungu mwembamba juu ya uji uliopoa, na juu ya ukungu huo vimewekwa vikaratasi vidogo vya duara, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kuzunguka baadhi ya vikaratasi kulikuwa na uwazi, duara safi, mfano wa mwanga unaozunguka mwezi usiku wa mawingu. Pale dawa imewashinda. Duara la enrofloksasini lilikuwa pana. Nikatafuta kikaratasi cha oksitetrasaiklini, ile OTC yangu. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwake, wamekigusa kabisa, kama nyasi zinavyogusa jiwe.

Nikawaambia habari yangu yote, pale pale tumesimama. Daktari hakunipa faraja ya bure. Alisema huyu ni Aeromonas wa kabati hili, wa kwetu huenda angekuwa mwingine na dawa ileile ingemweza. Ndiyo maana unapima. Halafu akaniuliza nilikuwa na chujio la aina gani. La mchanga na kokoto, nililijenga mwenyewe. "Basi dawa uliyomwaga majini iliwaua pia wale waliokuwa wanakula amonia," akasema. Nikamwonyesha mstari wa siku ya nne. Aliusoma, nikamtafsiria, akarudisha daftari kwa mikono miwili, na sijui kama alijua kwamba kwetu hivyo ndivyo anavyorudishiwa mtu kitu cha heshima.

Tiba ilikwenda kwa mgonjwa mmoja mmoja, sindano kwa uzito wake, kwa kibali cha daktari, siku kadhaa bila kuruka. Waliozidiwa walilazwa katika maji yenye dawa ya usingizi, wasiamke tena; Mzee aliifanya kazi hiyo mwenyewe wala hakumpa kijana yeyote. Kabati lilimwagwa, mabomba yakafunguliwa, utando ukasuguliwa, kila kitu kikaachwa kikauke. Hata maji yaliyotoka yalitiwa dawa kwanza, yasiingie mtoni na mzigo wetu. Vyura waliobaki waliwekwa wachache wachache kwenye matangi yasiyo na pampu, yanayobadilishwa maji kwa mkono kila siku, maji ya joto lilelile, yaliyokwisha kutolewa klorini.

Kubeba ndoo! Hapo nilikuwa nyumbani. Vijana wa pale walikuwa wanabeba moja moja kwa mikono miwili, wanamwaga njiani. Nilizichukua mbili mbili, asubuhi na jioni, siku kumi, na ile baridi ikanitoka mifupani.

Katika 96 walikufa 14. Siku yangu ya mwisho nilimlisha yule wa kwanza aliyekataa chakula. Alikuwa ameponea chupuchupu, paja moja bado lina kovu la kijivu. Niliangusha punje mbele yake. Akatulia. Halafu mikono miwili ikaenda mdomoni kwa pupa ileile ya mtoto na sinia.

Mzee alinisindikiza mpaka kituo cha basi, na kwenye mvua ile nyembamba akaniambia "Shikamoo," neno alilokuwa ameliokota kwenye simu zangu na mama. Nikamweleza kwamba ni mimi ninayepaswa kumwamkia. Nikamwamkia, nikamfundisha kuitikia marahaba, akalirudia mpaka basi likafunga mlango.

Sasa niko Morogoro. Fundi cherehani wa mtaani kwetu amenishonea nyavu nane laini, kila mmoja umepindwa kwa uzi wa rangi yake. Nilikwenda ofisi ya maji nikauliza swali langu la klorini, na nikajibiwa. Mlangoni mwa chumba nimejenga kibaraza cha matofali matatu, viatu vya nje upande huu, kandambili upande ule. Wiki iliyopita wameletwa vyura 12, wako chumba cha pembeni, wanne wanne. Nimeanza ukurasa mpya: siku ya 1, joto la maji 21, amonia hakuna, wamekula kumi, wawili bado.